Kamati ya usalama kazini haihitaji programu, inahitaji majibu

Haya wapenzi wa kompyuta, leo nitawashangaza kidogo. Mimi niliyezoea kuwaambia kwamba kila tatizo lina programu yake, leo nawaletea tatizo ambalo programu yangu ilishindwa nalo.

Miaka kadhaa iliyopita wenzangu kazini walinichagua niwawakilishe kwenye kamati ya usalama na afya. Kwa wasiojua, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamati hiyo iwepo kila mahali pa kazi penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kanuni za mwaka 2004 nazo zinataka wawakilishi wa wafanyakazi wawe sawa kwa idadi na wale wa wasimamizi, na kamati ikutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Msidhani ni mambo ya viwandani tu. Ofisi yenye kompyuta na mazulia nayo imo.

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa wa chai na mandazi. Katibu alisoma kumbukumbu, tukaitikia, tukaenda zetu. Namba 6 ilisema: "Balbu ya ngazi za nyuma imeungua na kidato kimoja kimelegea. Itashughulikiwa." Tukapitisha.

Kabla ya mkutano wa pili, mama anayesafisha ofisi zetu alianguka kwenye ngazi hizo hizo akiwa na ndoo ya maji. Akavunjika mkono. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia, bila hasira, "Kijana wangu, hiyo ngazi mimi ndiye niliyeisema. Sikusikia kitu tena, nikadhani mmeona si neno."

Jamani, yaliniuma, na zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Sisi tunaoandika programu, mtu akiripoti hitilafu inapewa namba, mtu wa kuirekebisha na tarehe. Ikiisha, aliyeiripoti anapata barua pepe. Hitilafu isiyo na mwenyewe hukaa hata mwaka mzima. Sasa litazame neno "itashughulikiwa". Na nani? Lini? Neno zima halina mtu ndani yake, nasi watu wazima tulilipitisha tukitafuna mandazi.

Nikafanya kama fundi yeyote wa aina yangu. Wikendi mbili nikakaa nikaunda programu: hifadhidata, nywila, grafu za rangi. Mwezi mzima iliingiwa na watu wawili, mimi na mwenyekiti, naye mara moja tu kwa heshima. Yule mama hakuwa na kompyuta kazini. Nilikuwa nimewatengenezea chombo wenye meza na viti, ilhali anayeijua ngazi ya nyuma ni anayeipanda na ndoo.

Kilichosaidia kilikuwa cha bei rahisi. Tulitundika ubao pale tunapochemshia chai, wenye safu nne: tatizo, nani analishughulikia, mpaka tarehe gani, limeisha au bado. Kila Jumatatu wanakamati walipata ujumbe mfupi wa simu wenye yale yaliyopitwa na tarehe peke yake. Na aliyeleta tatizo alijibiwa, hata kama jibu ni "fundi hajapatikana, tunajaribu tena wiki ijayo".

Wasimamizi walinung'unika kwamba ubao unawaaibisha mbele ya wageni. Nikawajibu kwamba safu ya mwisho ikijazwa, ubao utawasifu. Baadhi ya wafanyakazi nao waliogopa kuonekana wachochezi. Ni kweli sheria inakataza mtu kufukuzwa kwa sababu tu amelalamikia usalama, lakini hofu haisomi sheria. Kwa hiyo jina la aliyeripoti halikuandikwa ubaoni, lilibaki kwa katibu ili ajue wa kumjibu.

Baada ya hapo mikutano ilibadilika. Watu walikuja na mambo, kwa sababu waliona ya jana yamekwenda wapi. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema wanakamati ni wavivu na wanahitaji posho au semina za hotelini. Mafunzo ni lazima, sikatai. Lakini mtu akisema mara mbili asijibiwe, mara ya tatu atanyamaza, na huko si kuridhika.

Programu yangu bado ninayo, siku moja huenda ikafaa kuhifadhi historia ya ubao. Kwa sasa nina swali moja kwenu. Kazini kwako, unawajua wanakamati wa usalama? Kama wewe ni mmoja wao, fungua kumbukumbu za mkutano uliopita, tafuta "itashughulikiwa", kisha andika mbele yake jina la mtu na tarehe. Halafu mpigie simu aliyelileta hilo jambo. Ngazi haingoji miezi mitatu.