Fimbo ilipita, karatasi ikabakia

Bandugu ya mugodi na bamama ya nyumba, fimbo tunaijua: batata yetu ya zamani baliionja kwa makambi ya kazi, wakati ya Babeleji. Basi musikilize habari ya pasteri mumoja wa Uingereza, Samuel Johnson (hapana ule wa kamusi). Mu 1686 aliandikia baaskari Baprotestanti ya mufalme James II, akibaomba bakatae kusaidia mufalme kuvunja sheria ya inchi. Tribinali ikamulipisha amande, bakamuvua upasteri, bakamupiga fimbo 317 kutoka Newgate mpaka Tyburn, mu London.

Mu 1688 mufalme akakimbia. Mu 1689 bunge ikasema ile hukumu ilikuwa ya ukali na kinyume cha sheria. Johnson alikufa mu 1703; mu 1710 maandishi yake yakachapwa pamoja. Bale balimupiga, nani anajua majina yao?

Mimi naona hivi: ukiibiwa kwa kilo, usilalamikie paka chupa ya pombe. Andika siku, kilo, bei. Tieni sahihi wote, kopi ibakie nyumbani. Neno ya kinywa inakufa; karatasi inangojea siku yake.