Trela Isiwe Mkia wa Mbwa

Kabla hujapeleka vyombo mashambani kwa pikapu na trela, tazama ulivyopakia. Friji ikikaa nyuma kabisa, trela itayumba kama mkia wa mbwa na kulivuta gari, nawe una watoto ndani.

Vitu vizito viwe mbele kidogo ya magurudumu ya trela. Katika kila kilo 1,000, kama 100 hadi 150 zielemee ndoano. Shemeji atakuambia ameendesha miaka ishirini. Mwitikie, kisha upange upya.

Mteremko wa Mai Mahiu uanze kwa gia ndogo. Breki ikikanyagwa njia nzima hupata moto, ikakataa kushika. Na trela ikiyumba? Usikanyage breki ghafla, wala usiongeze mwendo. Achilia mafuta, shikilia usukani, gari litapunguza mwendo lenyewe.