Kuzima Seva ya Hospitali kwa Mbali Si Kazi ya Fundi Peke Yake

Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unapoganda usiku wa manane, fundi wa TEHAMA aliye nyumbani hana haja ya kutafuta bodaboda. Ndani ya seva nyingi mna kompyuta ndogo ya pembeni, yenye anwani yake katika mtandao, ambayo huendelea kufanya kazi hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, ilimradi umeme unaifikia. Dell huiita iDRAC, HPE huiita iLO. Kanuni za pamoja za mawasiliano ya aina hiyo, IPMI, zilitolewa mwaka 1998. Kupitia konsoli yake, fundi huona kioo cha seva kana kwamba amesimama mbele yake, na kwa kubofya mara moja hukata umeme na kuurejesha.

Mimi ni daktari wa wagonjwa mahututi, si mhandisi, nami nakiunga mkono chombo hiki. Hospitali inayonunua seva na kuacha leseni ya konsoli kwa kuwa huuzwa kando imebana matumizi mahali pasipofaa. Ninachopinga ni desturi ya kuliona tendo hilo kuwa la kiufundi tupu.

Ipo amri ya kuiomba seva ijifunge yenyewe kwa utaratibu, na ipo ya kukata umeme papo hapo. Hii ya pili hupoteza kila kilichokuwa hakijaandikwa kwenye diski. Hifadhidata nzuri hutunza daftari la miamala na kujirekebisha inapowaka, lakini haiwezi kurejesha kile ambacho haikukipokea: oda ya damu ambayo haijahifadhiwa, au dozi ya insulini ambayo mgonjwa ameshachomwa huku muuguzi akisubiri kioo kimkubalie. Anayepokea zamu asipoiona dozi hiyo, atampa nyingine, na sukari ya mgonjwa itashuka kwa hatari.

Sisi tunaotumia mashine ya kushtua moyo twajua kuwa mgonjwa mwenye mapigo hashtuliwi ovyo. Mshtuko ukiangukia wakati mbaya wa pigo huweza kuuvuruga moyo uliokuwa bado unasukuma damu. Seva iliyo kimya nayo yaweza kuwa kazini: pengine inakagua diski zake, pengine inasasisha programu yake ya msingi, na kuikatia umeme hapo kwaweza kuiharibu kabisa. Basi fundi atazame kioo kwanza, kisha asome daftari la matukio linalotunzwa na kompyuta ile ya pembeni, lenye habari za joto, ugavi wa umeme na hitilafu za vipuri. Seva iliyojizima kwa joto kwa sababu kiyoyozi kimekufa haiponi kwa kuwashwa tena.

Halafu apige simu. Kwa maoni yangu, ampigie daktari kiongozi wa zamu, naye aulize wodini, maabara, chumba cha upasuaji na benki ya damu ni nani aliye katikati ya jambo. Watakuwapo wa kusema kwamba tunachelewesha huduma. Mfumo ulioganda haumhudumii mtu. Dakika tano hizo ni za kuhamia kwenye karatasi. Wodi isiyo na fomu za karatasi kabatini ina tatizo ambalo fundi hakulileta.

Neno moja kuhusu ulinzi. Anayeishika konsoli anaishika seva yote, na baadhi ya seva zimeuzwa na nywila za kiwandani zinazojulikana na kila mtu. Serikali ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya hatari za IPMI mwaka 2013. Nywila ibadilishwe siku ya kwanza, na konsoli isionekane kamwe kwenye intaneti.

Nawe mgonjwa, au ndugu unayeuguza, ukisikia kwamba mfumo umerudi, uliza kama kipimo ulichotolewa damu saa moja iliyopita kimo, na kama dawa uliyokwisha kupewa imeandikwa. Tunza karatasi na risiti zako hadi utakaporuhusiwa. Muuguzi hapaswi kuudhika kwa swali hilo. Afungue jalada mbele yako na kuangalia.