Mwenye Shairi Ni Nani?

Miaka mingi imepita tangu mwimbaji mmoja wa taarabu aje barazani kwangu kutaka maneno ya wimbo. Nikamwandikia beti saba nilizozikesha, na malipo yakawa kahawa na ahsante. Kaseti ilipotoka, jina la mtunzi lilikuwa lake yeye. Nilipolalamika, wenzangu walinicheka: "Maneno ni ya Mungu, wewe umeyanunua wapi?" Nikanyamaza. Leo najua haikunipasa kunyamaza, na watunzi wengi wa pwani yetu wangali wamenyamaza.

Wasomaji wapenzi, tuitazame sheria kwa kitu kilichomo majumbani mwetu sote: leso. Itandazeni. Ina pindo, ina mji, ina jina. Jina hilo likiwa ni methali ya wahenga, hakuna muuza leso awezaye kudai kuwa ni yake peke yake. Mchoro wake, kwa kuwa umekusudiwa kutolewa kwa wingi kiwandani, una sheria yake mbali na hutaka kuandikishwa. Sasa tazameni ukingoni. Leso za duka mashuhuri la Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, huandikwa "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Hiyo ndiyo alama ya biashara. Kazi yake si kulinda uzuri wa nguo, bali kumjulisha mnunuzi nguo imetoka kwa nani, asiuziwe ya bandia.

Alama ya biashara huandikishwa serikalini, ikadumu miaka 10, na mwenyewe akiilipia yaweza kuendelea daima. Lakini huwezi kulishika jina la kitu chenyewe ukawanyima wengine. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikisha huko neno "Kikoy". Lau ingefaulu, mfanyabiashara wa Kenya angalipata taabu kuuza kikoi Uingereza kwa jina alilolirithi kwa babu zake. Wakatokea wa kulipinga, na mwishowe ombi hilo likaanguka. Kikoi kikabaki kikoi, cha kila anayekifuma na kukiuza.

Ama shairi, njia yake ni nyingine. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mtunzi huzaliwa pale kazi yake inapoandikwa au kurekodiwa. Haingojei cheti, ingawa cheti cha Bodi ya Hakimiliki ni ushahidi mwema siku ya mabishano. Haki hiyo hudumu maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, ili warithi wake nao wale. Mapenzi, mauti na dunia ni mambo ya watu wote. Vina na mizani pia ni vya wote. Kilicho chako ni maneno jinsi ulivyoyapanga.

Wako wanaochelea kuwa sheria hii itaua malumbano yetu. La! Sheria yaruhusu kunukuu kazi ya mtu kwa kuihakiki, madhali umemtaja mwenyewe. Na mshairi gani ajibuye shairi asimtaje anayemjibu?

Mambo mawili khasa yafaa kila mtunzi ayashike. La kwanza, haki haiuzwi kwa mdomo. Kumhamishia mtu hakimiliki yako hakusimami kisheria ila kwa maandishi yaliyotiwa sahihi. La pili, hata baada ya kuiuza, yabaki haki ya kutajwa kuwa wewe ndiwe mtunzi, na ya kukataa kazi yako isiharibiwe kwa namna ya kukuvunjia heshima. Waweza kuuza shairi; huuzi ubaba wake.

Mambo haya si ya kigeni kwetu. Wazee wetu walipomaliza utenzi walilitia jina lao katika beti za tamati, na pengine mwaka wa kutungwa kwake, ili ajaye kesho asidai. Na chuoni tulifundishwa kuwa deni huandikwa, likawa na mashahidi, hata baina ya watu wanaoaminiana. Basi vipi deni la kahawa duka twaliandika, na la beti saba twaliacha liende na upepo?

Ndugu mtunzi, kijana akikujia barazani kesho kutaka maneno, mkaribishe na umpe kahawa. Kisha chukua karatasi, muandike jina lako, jina lake, analoruhusiwa kufanya na atakalolipa, mtie sahihi nyote wawili. Asiyetaka kutia sahihi, mwache anywe kahawa yake aende zake, na shairi libaki nyumbani.