Tangi dogo, chumvi ya uhakika

Jamani, mtu ananunua taa ya bei mbaya kwa ajili ya matumbawe yake, halafu kwenye chumvi anabana! Tangi la lita 40, ukibadilisha lita 4 kila wiki, linakula kama gramu 150 tu: kilo 8 hivi kwa mwaka. Hapo unaokoa nini?

Ila bei pekee si ubora. Zipo chumvi zilizoongezwa alkali hadi dKH 11 au 12. Tangi lako likiwa kwenye 8, siku ukibadilisha maji mengi kwa mpigo, matumbawe yanashtuka. Mimi nasema chagua chumvi iliyo karibu na vipimo vya tangi lako, isiyobadilika ndoo hadi ndoo. Ikoroge, ipime, ndiyo uimimine. Matumbawe hayataki makubwa, yanataka mazoea.