Likizo ya Ugonjwa ya Mkulima ni Jirani Zake

Katika parokia zetu tunayo desturi njema. Muumini anapokwenda hospitali kufanyiwa upasuaji, jumuiya humsindikiza kwa sala, na Padre humpa Mpako wa Wagonjwa. Maana Kanisa hufundisha kuwa sakramenti hiyo si ya wanaokata roho tu, bali yafaa pia kabla ya upasuaji mzito. Anaporudi nyumbani twashukuru, twapiga vigelegele, kisha kila mmoja huenda shambani kwake. Hapo ndipo tunapokosea.

Kwa mgonjwa wa saratani, kutoka chumba cha upasuaji si mwisho wa safari. Tuchukue mfano wa mama mkulima aliyeondolewa titi pamoja na tezi za kwapani. Mara nyingi, majuma machache baada ya upasuaji, hutakiwa kuanza dawa kali za mshipani, na baadaye huenda akahitaji tiba ya mionzi, ambayo kwa kawaida hutolewa siku tano kwa juma kwa majuma kadhaa. Jeraha lisipopona, dawa huahirishwa. Zikichelewa mno, ugonjwa hupata nafasi ya kurudi. Basi mapumziko yake nyumbani ni sehemu ya tiba yenyewe.

Je, anapumzika? Nyuzi za jeraha zimetolewa juzi, leo ndoo ya maji iko kichwani na jembe mkononi. Mkono wa upande uliopasuliwa, unaohitaji mazoezi mepesi aliyoelekezwa hospitalini, unatwanga mahindi. Mume anauliza, “Si umeshapona?” Jirani ananong’ona kuwa mama huyu amekuwa mvivu. Tena dawa zile hupunguza chembe nyeupe za damu zinazoukinga mwili. Homa ya nyuzijoto 38, ambayo kwa mwingine ingengoja asubuhi, kwake ni sababu ya kukimbilia hospitali usiku huo huo. Nani atalipia gari?

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya huruma, hayaihusu Tume ya Haki na Amani. Hatukubaliani nao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa wa Tanzania Bara siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Karani anayeugua haombi huruma. Anadai haki yake. Mama mkulima, ambaye jasho lake humlisha karani huyo, hana hata siku moja. Hakuna sheria itakayompalilia shamba. Je, mwili wake hupona upesi kuliko wa karani?

Huu ndio msimamo wetu: likizo ya ugonjwa ya mkulima ni jirani zake, na jumuiya isiyompa likizo hiyo imemnyima haki yake.

Tumkumbuke Msamaria Mwema. Hakuishia kufunga majeraha. Alimpandisha yule majeruhi juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Alifikiria usafiri, malazi na siku za kupona. Sisi tumeishia kwenye mafuta na divai.

Yatubidi kutenda. Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ipange zamu ya maji, kuni na palizi kwa muda wote wa tiba, si kwa juma moja la kwanza. Tutaambiwa kuwa sisi nasi ni maskini. Ni kweli, lakini jumuiya ya nyumba 12 ikigawana kazi hiyo, kila nyumba hutoa siku moja katika 12. Tiba ikichukua miezi sita, kila nyumba itakuwa imetoa siku 15 tu.

Pili, Halmashauri ya Walei itenge fungu la nauli. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam. Bugando iko Mwanza. Kwa mtu wa Songea au Kigoma, kote huko ni mbali. Wapo wanaoacha tiba katikati kwa kukosa nauli na mahali pa kulala. Parokia za mijini zilizo jirani na hospitali hizo ziwafungulie milango.

Tatu, WAWATA na viongozi wa wanaume wazungumze na waume bila kuona haya. Kumchotea maji mke mgonjwa hakumpunguzii mume heshima. Na yeyote asimshawishi mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameombewa. Sala na dawa hazigombani.

Wala tusiifunge midomo yetu mbele ya serikali. Tuidai isogeze huduma karibu na watu, maana zamu ya jirani haiwezi kuwa badala ya hospitali.

Kila tarehe 11 Februari twaadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992. Twawaombea wagonjwa, nasi twafanya vema. Siku hiyo itakapofika tena, kila jumuiya ilete altareni, pamoja na nia zake, daftari la zamu. Mama yule ataitikia “Amina” akiwa amepumzika.