Jikoni isiyo na mlango

Mwezi huu tuongee juu ya jikoni. Si ile ya zamani yenye iko nyuma ya nyumba karibu na mti wa maembe. Tuongee juu ya ile ambayo mafundi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaipenda sana leo: salo na jikoni ndani ya chumba kimoja, bila ukuta katikati, ao na kaukuta kafupi tu. Mafundi wanaiita kwa Kifaransa «jikoni ya Kimarekani». Kwenye karatasi ya fundi inapendeza. Lakini mkisha kuhamia, siku ya tatu mama wa nyumba anaanza kulia: «Bageni banafika, na masahani yote iko inje! Nitaificha wapi?»

Njo shauri lenyewe. Jikoni yenye mlango, unafunga mlango na mgeni haoni kitu. Hapa hakuna mlango. Sufuria yenye bukari imekauka ndani, torsho yenye imelowana, bido za maji, mfuko wa unga, vyote vinakaa mbele ya mgeni saa yote anapokunywa kinywaji chake. Na mama anapoteza furaha ya kupokea watu. Kuna wengine hata wanaanza kuogopa wageni, nayo si namna yetu.

Wengi wanafikiri ni lazima kuwa na jikoni kubwa na makabati ya feza nyingi. Hapana. Mwaka 1926, mjini Frankfurt, Ujerumani, mwanamke mmoja wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jikoni kwa ajili ya nyumba za watu wa mshahara mdogo. Ilikuwa na upana wa karibu metre 1,9 na urefu wa metre 3,4 tu. Zilijengwa karibu 10 000. Alijifunza kwa kutazama jikoni za ndani ya treni, fasi mpishi anapikia watu wengi pahali padogo sana, na kila kitu kiko karibu na mkono. (Baba zetu wa njia ya reli wataelewa vizuri.) Alipima hata hatua za mama: kutoka kwenye moto mpaka kwenye meza ya kula, asipite metre tatu. Kati ya jikoni na salo aliweka mlango wa kusukuma kando, kusudi mama aone watoto wakati anapika. Unga aliuwekea kisanduku cha mti wa mwaloni, sababu wadudu hawaupendi mti ule. Na mwenyewe alisema baadaye kwamba wakati ule hakuwa mtu wa kupika! Bamama wa soko la Kenya, kule Lubumbashi, watacheka. Lakini kazi yake ilikuwa nzuri.

Jina la Kimarekani nalo si bure. Mwaka 1937, mjini Madison, Frank Lloyd Wright alijenga nyumba ya bei ndogo ambamo jikoni ilifunguka upande wa chumba cha kula na cha kuzungumzia. Familia ile haikuwa na mtumishi, basi mama hakutakiwa kufungiwa peke yake nyuma ya ukuta. Sababu hiyo ni nzuri kwetu pia. Tatizo ni kwamba tumechukua mchoro, hatukuchukua mpango wake.

Basi, anza hivi. Kaa kwenye kiti cha mgeni. Si kusimama mlangoni, hapana: kaa kabisa, kama vile umekuja kutembea. Tazama jikoni yako. Vile unaona kutoka pale, njo vile mgeni anaona. Utashangaa: karibu kila mara ni vitu vinne ao vitano tu vinavyoharibu nyumba yote. Pahali pa kuoshea vyombo. Bido. Mfuko wa unga. Torsho yenye inatundikwa pahali popote. Na meza ya kaukuta kafupi, yenye imekuwa sanduku la posta la familia: funguo, daftari za watoto, chaja za telefone, barua ya shule, kofia ya baba.

Meza hiyo ibaki tupu. Ni sheria ngumu, lakini usipoishika hiyo, zingine zote hazitasaidia. Weka kikapu kimoja karibu na mlango wa nyumba kwa funguo na telefone, basi. Mtoto anaweza kuandika kazi ya shule pale juu wakati mama anapika, ni jambo zuri sana, anaulizwa na kujibu; lakini akimaliza anaondoka na daftari yake.

Masahani sasa. Familia ya watu saba inakuwa na masahani thelathini, na yote iko kazini tangu asubuhi, sababu kila mtu anachukua mpya. Toa kiasi cha watu wa nyumba, na mbili ao tatu za kuongeza. Zingine funga ndani ya kabati kwa ajili ya karamu. Kila mtu awe na kikombe chake, chenye alama yake. Hapo ukiuliza «hii kikombe ya nani?» hakuna mtu wa kujibu «sijue miye». Na vijana wanaume, tusikilizane: katika jikoni isiyo na mlango, kila mtu anawaona mkikaa mbele ya televisheni wakati dada anaosha. Ameamka saa kumi na moja kama ninyi. Gawanyeni siku za juma, muandike kwenye karatasi, muibandike ndani ya mlango wa kabati.

Unga, usiuweke chini. Simenti inaleta unyevu, na unga wenye unyevu unaingia kuvu, na kuvu ya mahindi ni sumu kwa ini. Kuipika hakuiondoi yote. Mfuko mkubwa uwe juu ya mbao, ndani ya chumba cha akiba ao cha kulala, mbali na ukuta kidogo. Jikoni weka ndoo ndogo yenye kifuniko, ya unga wa siku tatu ao nne. Mchele, sukari, maharagwe na chumvi vilevile: makopo yenye kifuniko, ya namna moja ikiwezekana. Makopo ya maziwa ya zamani, ukiyapaka rangi moja, yanapendeza kuliko ya duka.

Bido za maji hatuwezi kuzikimbia, maji ya robine tunaijua. Zipange chini ya meza ya kazi, na mbele yake tundika pazia ya kitenge juu ya uzi. Pazia moja inaficha bido, ndoo ya takataka na sufuria kubwa. Lakini iwe upande wa maji, isiwe upande wa resho. Kitenge kinashika moto upesi.

Harufu nayo inatembea bila mlango. Makayabu na samaki ya kukauka, viloweshe inje na uvipike inje. Sombe inachukua saa nyingi: inje pia, ile mvuke yote itakaa ndani ya viti vyako. Hapo ndipo ninasema bila haya: mwenye kujenga jikoni ya Kimarekani katika inchi yetu, abakize na kajiko kadogo nyuma ya nyumba, lenye mapaa na bila kuta. Nyumba bila jiko la inje haijatimia kwetu, hata ikiwa na karo za Italia.

Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo si la uzuri tena.

Umeme unakatika saa kumi na mbili jioni. Inje mvua inanyesha. Resho imekufa, bukari haijaiva. Tunafanya nini? Mtu anachukua mbabula, anaileta ndani, anaiweka jikoni. Katika nyumba yenye ukuta na mlango hilo lilikuwa baya. Katika nyumba isiyo na ukuta ni baya zaidi, sababu jikoni na salo ni chumba kimoja, na katika familia nyingi salo njo chumba cha kulala cha batoto. Godoro linatandikwa saa tatu. Makala ingali nyekundu, na mama anafikiri: «Ibaki, itatupa moto kidogo, baridi ni kali.»

Makala yenye imeshika vizuri, nyekundu bila moshi, inadanganya. Inatoa hewa ya sumu yenye haina rangi wala harufu, ile wanaiita monoksidi ya kaboni. Inaingia katika damu na kuchukua pahali pa hewa nzuri. Kwanza kichwa kinauma. Kisha kizunguzungu, magulu yanakuwa bila nguvu, mtu anataka kutapika. Mwenye kulala hasikii kitu, anaendelea tu kulala, na asubuhi haamki. Mama mwenye mimba na mtoto mdogo wako katika hatari zaidi. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Mbabula isilale ndani ya nyumba hata usiku mmoja. Na ukimkuta mtu ndani ya chumba kama hicho, ana usingizi mzito ao anasema maneno bila mpango: mtoe inje mara moja kwenye hewa safi, kisha mpeleke hospitali, hata kama anasema amepona.

Neno la pili la namna hiyo ni kwa nyumba za wachimbaji. Kasulo ni mtaa wa Kolwezi ambako tangu mwaka 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza mambo waliyoyaona pale: watoto wa mtaa ule walikuwa na kobalti katika mkojo mara nyingi kuliko watoto wa mtaa mwingine wasiochimba. Na vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa na madini pia. Mtoto anagusa vumbi, kisha anagusa bukari.

Sasa fikiri nyumba yetu isiyo na kuta. Baba ao kaka anarudi, anapita salo na viatu vyake, anatua mfuko karibu na meza ya kukatia mboga, anatundika koti nyuma ya kiti. Kwa hiyo mpango wa jikoni unaanza inje. Viatu na nguo za kazi zibaki kwenye baraza, ndani ya sanduku ao ndoo yenye kifuniko. Anaosha mikono na uso kabla ya kuingia. Nguo zile zioshwe peke yake, si ndani ya beseni ya vyombo ao ya nguo za mtoto. Mawe ya madini hayakai juu ya kabati, hata kama yanang'aa kijani na kupendeza. Na usifagie kwa fagio kavu, vumbi linapanda na kushuka juu ya masahani. Pitisha torsho yenye maji, chini na juu ya mbao, kila asubuhi. Masahani ilale imegeuzwa, uso chini. Bido yenye ilibeba aside ao mafuta ya mtambo, hata ukiiosha mara kumi, usiiweke maji ya kunywa. Sokoni wanaziuza bei ndogo, na watu wanajua sababu.

Kwa wale ambao simenti haijakauka bado, tuongeze kitu kimoja. Meza ya kazi ya jikoni inakuwa na urefu wa karibu sentimetre 90 kutoka chini. Mwambie fundi kaukuta ka upande wa salo kapande mpaka sentimetre 110. Hizo sentimetre ishirini zinaficha sahani chafu, kisu na maganda ya vitunguu, na mgeni aliyekaa anaona ukuta safi tu, wakati mama anaendelea kuona batoto. Tofali ni kidogo sana. Kwa wale wenye nyumba imekwisha, ubao mmoja uliosimamishwa na kupigiliwa vizuri unafanya kazi ileile, na seremala anaumaliza kwa nusu siku.